Aktere hafaka? Sinema zetu, mashimo yetu na Injili

Kuanzia Baraka mpaka Misisi, kila nyumba ya video ina sheria moja ambayo hakuna mtu aliyeiandika na kila mtoto anaijua: aktere hafaka. Aktere ni yule mkubwa wa filamu, yule tunayemfuata toka mwanzo mpaka mwisho. Shefu bandi atakufa, hiyo iko wazi. Rafiki ya aktere naye anaweza kufa, na mara nyingi anakufa kisha kutoa mfukoni picha ya mke na mtoto. Akishaitoa ile picha, watu wote ndani ya video wanasema kwa sauti: « Uyu amekwisha! » Lakini aktere mwenyewe anaanguka toka gorofa, anapigwa masasi, anatupwa majini mikono imefungwa, na anatokea upande mwingine na damu kidogo tu kwenye shavu.

Mimi ni mtu wa sendika ya wachimbaji wa dhahabu, ni Mkristo, na ninapenda sinema. Watu wengi wanaona mambo haya matatu hayawezi kukaa nyumba moja. Wazee wa kanisa wananiuliza juu ya nini mtu anayeongoza maombi siku ya Jumatano anaonekana Jumamosi akitoka kwa video. Vijana wa shimo, wao, wanalalamika kwamba ninawaharibia filamu kwa maswali. Leo nataka kuwajibu wote wawili, sababu jambo hili si la kuchekesha tu. Iko watu waliokufa ndani yake.

Filamu zetu zimefika kwa maji. Wengi wa umri wangu tulizoea sinema ng'ambo ya ziwa, katika kambi za Kigoma, Lugufu na Nyarugusu, tulipokimbia vita kuanzia mwaka 1996. Oktoba 2005 mashua za HCR zilipoanza kurudisha watu Baraka, ndani ya mizigo kulikuwa sufuria, mablangeti, Biblia, na CD zilizofungwa ndani ya nguo zisivunjike. Nyingine zilikuwa na sauti ya yule mtafsiri wa Dar es Salaam anayeitwa Lufufu, anayesema juu ya maneno ya Wazungu kwa Kiswahili chetu, anaongeza chumvi yake, anamcheka shefu bandi, anamwonya aktere ageuke nyuma. Waganda nao wanaye VJ Jingo anayefanya vile kwa Kiganda. Siku hizi filamu inakuja kwa flashi au kwa kadi ya simu, lakini desturi imebaki. Kwa video hatunyamazi. Tunajibu, tunabishana, tunatoa shauri. Mtu analipa faranga 500 na ananunua pia haki ya kusema.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema video ni upotevu mtupu na kijana akae nyumbani. Nyumbani gani? Kule kwenye machimbo kijana analala na wenzake kumi chini ya prelati moja. Akitoka shimoni jioni, mahali penye taa ni tatu: baa, kanisa, video. Kanisa likifungwa saa moja, zinabaki mbili. Mimi nachagua kumfuata kijana pale alipo, na kuzungumza naye juu ya kile alichoona.

Na alichoona, anashuka nacho shimoni. Mwaka jana, kisha mvua ya usiku kucha, nilimkuta kijana mmoja, hajafika miaka 22, amefunga taa kichwani tayari kushuka. Nikamwambia: « Mdogo wangu, ungoje kwanza. Udongo umekunywa maji, acheni pompi ifanye kazi mpaka kesho. » Akacheka. « Papa Sendika, wacha woga. Miye njo aktere wa hapa. » Wote wakapiga makofi. Akashuka, na jioni akatoka salama, na mfuko wa mawe begani.

Hapo njo shida yenyewe. Kama angeumia siku ile, wenzake wangesikia. Lakini alitoka, na kila mara mtu anapotoka, filamu inaonekana imesema kweli. Mara ya kumi, mara ya ishirini, anatoka. Waliokufa hawako pale kutoa ushuhuda wao. Kwa video mtu aliyekufa kwenye filamu ya saa nane unamwona tena saa kumi katika filamu nyingine, amevaa koti mpya.

Shimo halijui nani ni aktere. Linajua maji, uzito na miti. Udongo mwekundu wa kwetu ukiwa mkavu unasimama kama ukuta wa nyumba. Ukilowa, unateleza juu ya jiwe lililo chini yake. Miti ya kutegemeza galeri inaoza kwa ndani kabla ya kuonekana nje. Na kuna kifo kingine ambacho hakuna filamu itakayokionyesha, sababu hakina kelele: watu wanashusha mashini ya petroli ndani ili wavute maji karibu, na moshi wake unajaa mahali hewa haitembei. Mtu anasikia kichwa kizito, anakaa kidogo apumzike, haamki. Anayeshuka kumwokoa anakaa karibu yake. Nimeona watu wenye nguvu, wasioogopa kitu, wameisha namna hiyo bila alama moja mwilini.

Sheria ya Serikali inasema mchimbaji wa mikono asipite metre 30 kwenda chini, na mtoto wa chini ya miaka 18 asifanye kazi shimoni. SAEMAPE, ile ya zamani SAESSCAM, imewekwa kwa ajili ya kutusaidia na kutufundisha. Sitaandika hapa mara ngapi wachimbaji wamewaona wakija na kamba ya kupima kuliko kuja na kitabu cha risiti. Wasomaji wa machimboni wanajua hesabu hiyo.

Tarehe 28 Agosti 2020 alikufa Chadwick Boseman, yule aliyecheza mfalme T'Challa katika Black Panther ya mwaka 2018. Alikuwa na miaka 43, ugonjwa ulikuwa saratani ya utumbo. Vijana walinitumia picha yake kwa simu, wamevuka mikono kifuani kama watu wa Wakanda. Wiki mbili kisha hapo, tarehe 11 Septemba, mvua kubwa ikanyesha Kamituga, maji yakaingia katika mashimo ya mahali panapoitwa Détroit, na wachimbaji wakabaki ndani. Viongozi wa mji walisema siku ile wanaweza kupita 50. Simu zile zile zilizobeba picha ya Boseman zikabeba picha za watu wamesimama mlimani wanatazama mahali shimo lilipokuwa. Wa Boseman tulijua jina, umri na ugonjwa. Wa Kamituga tulijua namba tu, nayo si kamili.

Nairudia Black Panther sababu vijana wetu wanaipenda sana, na mimi pia. Nchi ya Afrika yenye madini ambayo dunia nzima inayatamani, inajificha, inajifanya maskini, na haiuzi hata kilo. Mtu wa Fizi anaona hiyo na moyo unapanda. Lakini tazameni vizuri ule mwisho, mfalme na ndugu yake Killmonger wanapopigana. Wanapigana wapi? Ndani ya mgodi, juu ya reli. Treni inapita, taa zinawaka, kila kitu ni kisafi. Nikawauliza vijana: « Na mchimbaji wa Wakanda ni nani? Jina lake? » Kimya. Mmoja akasema: « Papa, kule banatumia mashini. » Labda. Ila hata mwenye mashini hatumwoni akila, hatumwoni akidai mshahara. Katika filamu nzuri kabisa iliyotengenezwa juu ya madini ya Afrika, madini yana jina na mchimbaji hana.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu 2021, sisi wenyewe wa Kivu Kusini tukaingia katika sinema ya dunia. Ni ile video ya Luhihi, kule Kabare: watu mamia wanachimba kilima kwa majembe, vijiti na mikono, wanaosha udongo ndani ya mabeseni, na dhahabu inaonekana. Watu wa kila bara waliitazama, wakaandika kwamba Wakongomani wamepata mlima wa dhahabu. Viongozi wa jimbo walikuwa wamesimamisha uchimbaji pale. Hakuna aliyeonyesha wiki ya pili: bei ya ugali, vyoo, mvua, watu wanaorudi makwao na deni kubwa kuliko walilokuja nalo. Video ilikuwa ya kweli. Ilikatwa tu mahali pazuri.

Sasa nafika kwenye filamu ambazo, kwa maoni yangu, zimetuumiza kuliko zile za bunduki. Ni za Kinijeria. Tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, ile ya Andy anayeingia katika chama cha giza na kumtoa mke wake Merit ili apate utajiri, hadithi hiyo imerudiwa mara mamia. Mtu maskini, rafiki tajiri, usiku, mishumaa, damu, gari mpya. Kisha mzimu wa aliyekufa unamfuata mpaka anakuwa kichaa, na mwisho pasta. Wakristo wanazipenda sababu shetani anashindwa. Makanisa mengine yanazionyesha ndani ya kanisa. Sisemi ni mbaya zote. Ile ya kwanza ina ukweli mkubwa: kuna mali inayokula mke wa mtu.

Lakini angalieni kile zilichopanda kwenye machimbo yetu. Katika shimo moja, ambalo sitalitaja, ukuta ulianguka na watu watatu wakafa. Kesho yake, kabla hata ya kuchimba kaburi, maneno yalishaanza: mmoja wao alinunua pikipiki wiki ile, amepata wapi? Basi alikuwa amechukua dawa, alitakiwa kutoa mtu, na sasa yale aliyoyaita yamemrudia. Mpaka jioni hadithi ilikuwa kamili, na kila aliyeisimulia aliongeza kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakiona kwa video. Kulikuwa hata nyoka.

Mke wake alikaa matanga karibu peke yake. Majirani walipita mbali. Mchango ambao wachimbaji wanatoaka kwa kila mfiwa ulisimama: « Hatuwezi kuingiza pesa yetu ndani ya nyumba ile. » Watoto wanne, wa mwisho bado yuko mgongoni.

Tulienda watu wa sendika kutazama shimo. Miti iliyokuwa inashikilia ukuta ilikuwa ya kale, imetolewa katika shimo lingine lililofungwa, myembamba kama mkono wangu. Sehemu moja hapakuwa na mti kabisa, mwenye shimo alikuwa anangoja kuuza ili anunue mingine. Kuhusu pikipiki, tulimwuliza muuzaji. Ilikuwa ya deni. Alikuwa amelipa sehemu ya kwanza tu, na muuzaji alikuwa ameshakuja kuichukua siku ya pili ya kilio.

Jumapili ile niliomba nafasi kanisani, nikasimama na Luka sura ya 13. Ni mahali Yesu anakumbusha watu kumi na nane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Watu wa siku zile nao walikuwa na filamu yao ya Kinijeria kichwani: aliyeangukiwa lazima alikuwa na dhambi kuliko wengine wa Yerusalemu. Yesu akawauliza kama wanafikiri hivyo, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Halafu akawageuzia wao waliobaki wazima: watubu. Nikasema, mimi ninavyosoma, sisi tuliobaki hatuitwi kuchunguza maiti. Tunaitwa kubadilika, na katika shimo lile kubadilika kulikuwa na jina: miti mipya. Mzee mmoja wa kanisa hakupenda, akasema ninachanganya Neno na mambo ya sendika. Mama mmoja wa kutwanga mawe alisimama bila kuruhusiwa akasema: « Mzee, mnara ulianguka juu ya fundi alijenga vibaya. Tumusaidie huyu mama. » Mchango ulitoka, si wote, lakini ulitoka.

Maneno ya dawa yanamfaa nani? Yanamfaa mwenye shimo. Kama watu wamekufa sababu ya nyoka, hakuna atakayemwuliza bei ya mti. Tena yanamfaa yule anayenunua dhahabu. Kijana akimwona mnunuzi amejenga nyumba ya gorofa, anasema ametoa mtoto wake. Hasemi: nimemwuzia miaka sita, na kila mara alipima juu ya mizani yake, kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani, na sijawahi kuleta mizani yangu. Hapo hakuna mishumaa wala damu. Kuna kijiti kimoja kinachorudi mezani kila siku, na mwisho wa mwaka kimekuwa bati. Kisha toa chakula ulichokopa dukani, toa petroli ya pompi, toa fungu la mwenye shimo ambaye anakata gharama zake kwanza, toa kodi za barabarani zenye risiti na zile zisizo na risiti. Mchimbaji anabaki na hadithi ya majini.

Na kama mnataka niseme kama Mkristo, nitasema: mwenye shimo anayejua ukuta umepasuka na anashusha watu juu hataki kupoteza siku moja, huyo ametoa watu. Hakuhitaji mganga.

Mabishano makubwa niliyoyaona ndani ya video yalikuwa juu ya Blood Diamond, ya mwaka 2006. Inasimulia Sierra Leone wakati wa vita. Leonardo DiCaprio ni Archer, mfanyabiashara ya magendo. Djimon Hounsou, mtoto wa Benin, ni Solomon, mvuvi anayekamatwa na waasi, anachimbishwa kwa nguvu, anapata almasi kubwa na kuificha. Watu wa Baraka wanamwelewa Solomon tangu dakika ya kwanza: mvuvi, ziwa au bahari ni kitu kimoja, mtoto wake amechukuliwa kuwa askari. Archer anakufa mlimani. Basi vita ikaanza kwenye mabenchi. Kundi moja linasema sheria imevunjika, aktere amekufa. Kundi lingine linasema hapana, aktere alikuwa Solomon tangu mwanzo, ila bango limeweka Mzungu mbele. Na Titanic pia wanaijibu vile. Ukiwaambia Jack alikufa ndani ya maji, wanasema: basi aktere alikuwa mwanamke. (Ziwani kwetu hatubishani juu ya Titanic. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Kalemie, zaidi ya watu 120 wakafa, na mpaka leo tunapanda mashua zilizojaa bila jile la kuogelea.)

Mimi ni wa kundi la Solomon. Lakini nina swali kwa mwisho wa ile filamu. Solomon anavaa suti, anaingia katika mkutano mkubwa kule Kimberley, watu wanasimama, na filamu inakwisha kabla hajafungua kinywa. Utaratibu wa Kimberley upo kweli, umeanza 2003, ni wa almasi. Dhahabu haimo. Sisi wa Kivu tuna hadithi yetu ya watu wa mbali kuhuzunikia madini ya damu. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Wenye silaha hawakufa njaa miezi ile. Waliokosa ada ya shule ni watoto wa wachimbaji. Kisha zikaja etiketi za mifuko ya kasiteriti na koltani. Gramu ya dhahabu ikaendelea kupita mfukoni mwa suruali. Filamu ya mtu anayefungua kinywa Kimberley na kusema mambo haya bado haijatengenezwa.

Niseme kidogo juu ya mama zetu, sababu hawapatikani sana kwenye mabenchi ya video. Wao wanatazama nyumbani, na wengi waliishi na Kanumba. Alipokufa Steven Kanumba tarehe 7 Aprili 2012, na miaka 28 tu, kuna kata za Baraka ambapo wanawake walilia kama wamefiwa na kaka. Filamu zake hazikuwa na masasi mengi. Zilikuwa na ndoa, uongo, wakwe, ugonjwa, deni. Waume wanazicheka, lakini ukitaka kujua kwa nini pesa ya mchimbaji haifiki nyumbani, tazama hizo kwanza.

Kuna pia filamu ambayo ningetaka kila nyumba ya video ionyeshe mara moja, hata bure: L'homme qui répare les femmes, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, juu ya Daktari Mukwege wa Panzi. Ilitoka 2015, na Serikali ya wakati ule iliikataza Septemba, ikairuhusu Oktoba. Mukwege ni mtoto wa pasta, yeye mwenyewe anahubiri. Ndani ya filamu ile hakuna anayepiga teke. Watu wa Fizi hawahitaji kuelezwa inasema nini. Februari 2011 tuliona hapa hapa Baraka mahakama ya kijeshi ikimhukumu luteni-kanali miaka 20 kwa yaliyotendeka mjini Fizi usiku wa mwaka mpya. Wanawake wale walikuja wakasimama na kusema. Kwa kipimo changu, wao njo walikuwa maaktere.

Filamu ya mwisho ni ya kale kuliko zote nilizotaja, isipokuwa kila mwaka inarudi: Yesu, ya mwaka 1979. Imefuata Injili ya Luka, imetafsiriwa kwa zaidi ya lugha 2,000, na kwa Kiswahili tunajua kila neno. Anayecheza ni Mwingereza, Brian Deacon, na sura yake imeingia mpaka katika maombi ya watu wengine, jambo ambalo silipendi sana. Ilipoonyeshwa mara ya mwisho kwetu, walitundika shuka nyeupe uwanjani, wakaja wa 5e CELPA, wa 8e CEPAC, Wametodisti, Wakatoliki, na Waislamu pia na watoto wao. Wakati wa msalaba mtoto mmoja mbele yangu alianza kulia kwa nguvu: « Mama, aktere amekufa! » Mama yake akamvuta karibu: « Ungoje. »

Tulipotoka, vijana wa shimo wakanizunguka wakifurahi. Yule wa taa kichwani alikuwako. « Papa Sendika, unaona? Alifufuka. Hata kwa Yesu, aktere hafaka. »

Nikawaambia wakae. Hoja yake ilikuwa nzuri, ilistahili jibu. Nikawauliza wanakumbuka mwanzo wa filamu, shetani anapompeleka Yesu juu ya mnara wa hekalu. Anamwambia ajitupe chini, malaika watamshika, imeandikwa. Yaani anamwambia: fanya kama aktere. Na watu wote wangepiga makofi. Yesu alikataa, akasema Mungu hajaribiwi. Alikufa siku nyingine, kwa ajili ya watu, na alikufa kweli; hata kisha kufufuka Luka anasema aliwaonyesha mikono na miguu yake, akaomba chakula, wakampa samaki. Majeraha yalibaki. Sasa mtu anayeshuka shimoni kisha mvua akisema Mungu atanilinda, yuko upande gani wa ule mnara?

Hawakujibu haraka. Walibishana kati yao kwa Kibembe, kwa Kiswahili, wengine wakicheka. Mmoja alisema baba yake alishuka miaka 20 na yuko hai. Mwingine akasema baba yake hayuko. Mwisho yule kijana akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: « Papa, ile shimo yetu iko na metre ngapi? »

Hakuna aliyejua. Walikuwa wanahesabu kwa ngazi na kwa sigara. Kesho yake tulitafuta kamba, tukafunga fundo kila metre, tukafunga jiwe mwishoni, yeye akashuka nalo mpaka chini ya galeri ya kwanza. Tulipovuta na kuhesabu, mafundo yalikuwa 44. Tulihesabu mara ya pili mbele ya mwenye shimo. Alitazama ile kamba muda mrefu, akasema tutaongea mvua ikipita.

Kamba ile niko nayo nyumbani. Vijana sita wamekataa kushuka mpaka miti ibadilishwe, na wawili wengine wameshachukua nafasi yao.